Shajara ya mradi: jiliwa la mashine ya kutobolea, mwaka wa pili wa uanagenzi

Februari

Foromani ameupitisha mradi. Nitatengeneza jiliwa la kushikia kazi kwenye mashine ya kutobolea, lenye taya za upana wa milimita 100, na likikamilika litabaki karakanani litumike. Majiliwa tuliyonayo yamelika taya. Ukibana kipande, kinainuka upande mmoja, kwa hiyo kila anayetoboa hupachika kibati chini yake ili kisimame sawa. Hilo ndilo lililonifanya nichague kazi hii. Sababu nyingine ni kwamba ndani ya jiliwa moja mna karibu kila kitu ninachotakiwa kukijua mwaka huu: milingi (kuchonga nyuso za chuma kwa kisu kinachozunguka), kukereza, kutoboa, kukata nyuzi za skrubu kwa tepu na kwa kisu, kupachika bushi (bomba fupi linalovalishwa ndani ya tundu), na kukigumisha chuma kwa moto.

Niwaeleze wasomaji nilipo. Karakana yetu ipo Tanga na kazi yake kubwa ni vipuri. Mkonge uliingia nchini mwaka 1893, ulipoletwa na Richard Hindorf kutoka Florida, na mpaka leo mashamba mengi yanaendesha mitambo ya zamani sana. Mashine ya kuchakata majani bado inaitwa korona, jina lililotokana na mashine za Krupp za Ujerumani. Kipuri cha mtambo wa umri huo hukipati dukani. Linakuja pipa la shafti zilizokatika, bushi zilizolika na roli zilizopasuka, na sisi tunapima kilichobaki, tunachora, tunachonga kingine. Kazi hiyo naipenda kwa dhati. Shamba limesimama, watu wanasubiri, na kinachotakiwa ni kipande cha chuma kinachoingia mkononi.

Wiki nzima sijagusa mashine. Mzee, ambaye ndiye fundi mkuu wetu, aliutazama mchoro wangu kwa muda mrefu akaniuliza swali moja tu: "Binti, unapimia wapi?"

Nikamwonyesha vipimo nilivyoviandika. Akachukua kalamu nyekundu, akapiga mstari chini ya kitako cha jiliwa na mwingine kwenye uso wa taya isiyotembea. "Kila kipimo kianzie hapa au hapa. Si kwingine."

Hesabu yake ni hii. Una matundu matano kwenye mstari mmoja. Ukipima kila tundu kutoka tundu lililotangulia, na kila kipimo kinaruhusiwa kupotoka milimita 0.1, tundu la tano linaweza kuwa limepotoka milimita 0.5 na bado kila kipimo, kikitazamwa peke yake, ni sahihi. Ukiyapima yote kutoka uso mmoja, la tano linapotoka 0.1 kama la kwanza. Chuoni VETA tulifundishwa jambo hili kwenye somo la uchoraji na nikalijibu vizuri kwenye mtihani. Ila ni kitu kingine kuliona kwenye chuma ambacho kesho utakifunga bolti.

Nimeuchora upya mchoro. Nyuma yake nimeandika mpangilio wa kazi: uso upi unakatwa kwanza, unashikwa vipi, unageuzwa lini. Mzee hataki kuona kipande kikifungwa mashinani kabla ya karatasi hiyo kukamilika.

Machi

Vyuma vimepatikana. Mwili na taya ni chuma cha kawaida kilichotoka kwenye mabaki ya kazi nyingine. Skrubu na mabamba ya kukabili taya ni C45, yaani chuma chenye kaboni karibu asilimia 0.45, ambacho kinakubali kugumishwa. Shaba nyekundu ya nati nimeipata ndani ya bushi kuukuu ya mashine ya mkonge, nene vya kutosha kukatwa upya.

Kazi ya mwezi huu ni mraba. Kipande kinafika kutoka msumenoni kikiwa na pande sita, na hakuna hata mbili zinazokubaliana. Kukifanya kiwe na kona za nyuzi 90 kweli kwenye mashine ya milingi ndiyo kazi niliyoifurahia kuliko zote mpaka sasa, na nataka kuieleza taratibu kwa sababu hapa ndipo wengi tunapopita haraka.

Unasafisha uso wa kwanza. Kisha unaugeuza ule uso safi uegemee taya ya jiliwa isiyotembea, kwa sababu taya hiyo ndiyo iliyonyooka na ndiyo ya kuaminiwa. Upande wa pili, wenye taya inayotembea, uso wa chuma bado ni wa msumeno, una vilima. Ukibana hivyo hivyo, vile vilima vinakisukuma kipande na kukiinua kwenye ile taya ya kuaminiwa, na kona unayoikata haiwi ya nyuzi 90. Dawa yake ni kipande kifupi cha nondo ya mviringo, laini. Unakilaza kati ya kazi na taya inayotembea, katikati ya kimo. Nondo inagusa kwa mstari mmoja tu, haina uwezo wa kukipindua kipande, basi uso safi unalala kabisa kwenye taya iliyonyooka. Unakata uso wa pili. Unageuza, unaukalisha chini, unagonga kwa nyundo ya shaba, unakata wa tatu. Kisha wa nne. Pande za mwisho mbili unazisimamisha kwa skwea, kipimo cha kona ya mraba.

Dada aliyenitangulia mwaka mmoja, ambaye sasa anaendesha milingi peke yake, alinionyesha namna ya kujua kama kipande kimekaa kweli: weka karatasi nyembamba chini ya kila kona, bana, kisha jaribu kuvuta karatasi. Ikitoka hata moja, legeza uanze tena.

Mwili umetoka vizuri. Skwea ikiwekwa, mwanga haupiti.

Aprili

Masika. Hewa ya bahari na unyevu vinakula chuma usiku mmoja tu. Ukiacha uso uliong'arishwa bila mafuta, asubuhi umeota kutu ya rangi ya machungwa. Vipande vyangu vyote vimepakwa mafuta na kufungwa kwa karatasi. Maikromita pia, kile kipimo changu cha unene, baada ya kila kazi, kitambaa chenye mafuta kidogo na kurudi kwenye kasha lake.

Mradi umesimama kidogo kwa sababu ya kazi za wateja, na moja ilikuwa somo kubwa. Shamba moja lilileta bolti zilizokatika kutoka kwenye mtambo wa Uingereza. Nilipoweka kipimo cha nyuzi cha milimita, hakikukaa. Mzee akanipa seti nyingine ya majani ya kupimia nyuzi: nyuzi 11 kwa inchi, pembe ya digrii 55. Huo ni mtindo wa Joseph Whitworth aliouweka mwaka 1841, bolti ya inchi tano kwa nane. Nyuzi za milimita tunazozijua sisi zina pembe ya digrii 60, kwa hiyo hata kama bolti zingekaribiana kwa unene, zisingekaa pamoja.

Skrubu kuu ya mashine yetu ya kukereza, ile inayokisogeza kisu, ina hatua ya milimita 6, yaani umbali kutoka uzi mmoja hadi unaofuata. Itakataje nyuzi za inchi? Kwenye kabati la gia kuna gia moja kubwa yenye meno 127, na kabla ya siku hiyo nilikuwa naipangusa vumbi tu. Inchi moja ni milimita 25.4, na 25.4 mara tano ni 127. Hakuna gia ndogo zaidi ya hiyo inayoweza kuligawa hilo bila kubaki kitu. Tukaifunga, tukapanga nyingine pembeni yake, na mashine ya milimita ikakata nyuzi za Waingereza. Bolti zilirudi shambani siku ya pili. Nimeinakili hesabu yote kwenye kitabu changu cha mazoezi.

Mei

Bamba la nyuma, ndilo litakalobeba nati ya shaba. Skrubu itapita humo na kuisukuma taya inayotembea.

Mchoro unasema tundu la 35 H7, maana yake kati ya 35.000 na 35.025. Bushi ya shaba, ambayo ndiyo itakayokuwa nati, ni 35 p6, kati ya 35.026 na 35.042. Yaani bushi lazima iwe kubwa kuliko tundu, iingie kwa presi na isitoke tena. Tundu nimelikereza nikiwa nimelifunga bamba kwenye kishikio cha taya nne na kuliweka katikati kwa saa ya kupimia mpaka mshale ulipotulia. Hapo hakukuwa na la ziada.

La ziada lilikuwa kwenye bushi. Shaba nyekundu inakatika vizuri, maranda yake yanaruka kama mchanga, na kipande kinapata joto haraka. Nilipokaribia kipimo, Mzee akasimamisha mashine. "Pima sasa. Andika." Nikapima kwa maikromita: 35.06. "Usiguse kitu. Nenda ukanywe chai." Niliporudi nikapima tena, kipande kikiwa palepale, hakijakatwa hata unyoya: 35.035.

Shaba nyekundu inatanuka karibu milimita 0.018 kwa kila mita moja kwa kila digrii moja. Kwenye kipenyo cha 35, kipande kikiwa na joto la digrii 40 zaidi ya maikromita, tofauti inafika 0.025. Huo ni upana mzima wa H7, na unazidi upana wa p6. Anayekata mpaka maikromita isome 35.035 kipande kikiwa cha moto ataondoka na bushi ya 35.010, nayo inaweza kutumbukia kwenye tundu na kuzunguka humo.

Nilimuuliza Mzee kuhusu joto la Tanga lenyewe. Vipimo vyote duniani vinahesabiwa kwa digrii 20, kiwango kilichokubaliwa kimataifa tangu 1931, na karakana yetu mchana inapita digrii 30 kwa urahisi. Jibu lake limenitosha: chuma kwa chuma, maikromita na kazi vinatanuka pamoja, kwa hiyo vikiwa na joto moja havidanganyani. Hatari ni pale joto linapotofautiana, au kazi inapokuwa shaba au alumini na kipimo ni cha chuma. Tangu hapo, kabla ya kipimo cha mwisho, ninaweka kazi na maikromita pamoja juu ya meza ileile ya chuma, nasubiri.

Bushi imeingia kwa presi ya haidroliki, imenyooka, kwa mlio mmoja mzito. Bado haina nyuzi, na hilo limepangwa. Bushi ikibanwa kwa presi inajikaza ndani kidogo. Ukitangulia kukata nyuzi, zitabanwa nazo, na skrubu itakwama. Kwenye karatasi ya Februari imeandikwa: presi kwanza, nyuzi baadaye.

Juni

Skrubu. Mchoro unasema Tr 20×4: nyuzi za umbo la trapezi, kipenyo cha nje milimita 20, hatua ya milimita 4, pembe ya digrii 30. Kina cha upande mmoja ni 2.25, kwa hiyo kipenyo cha shina kinabaki 15.5.

Nilianza na kisu. Nimekinoa mwenyewe kwenye jiwe kutoka kipande cha chuma cha kasi, kile kigumu cha visu vya mashine, nikikilinganisha na kipimo cha bati mara kwa mara mbele ya taa. Ncha yake ina upana wa karibu milimita 1.33. Jambo ambalo vitabu vinalitaja kwa mstari mmoja na mikono inalichukua siku nzima ni mteremko wa nyuzi: hatua ya 4 kwenye kipenyo cha katikati cha 18 inapanda kwa pembe ya takribani digrii 4. Ubavu wa kisu unaoelekea upande nyuzi zinakokwenda lazima ukatwe zaidi kuliko ubavu wa pili, la sivyo utasugua chuma badala ya kukikata, na nyuzi zitatoka zimechanika.

Kukereza mwili wa skrubu hadi 20 ni kazi ya kawaida. Kasi ya kukata ya mita 25 kwa dakika inatoa mizunguko takribani 400. Kukata nyuzi ni polepole sana, mizunguko 60 hivi, ncha ya skrubu imeshikwa na senta (ncha kali ya kuiegemeza), mafuta yanadondoka muda wote. Mwishoni mwa nyuzi nimekata mfereji wa kisu kupumzikia.

Kwa kuwa 4 haigawi 6, Mzee alinikataza kufungua nati ya skrubu kuu, inayokiunganisha kisu nayo, katikati ya kazi: ukiifunga tena, kisu kinaweza kuikosa njia yake. Kisu kinafika mfereji, unakirudisha nyuma, unageuza mota, mashine nzima inarudi kinyume mpaka mwanzo, unaongeza kina, unaenda tena. Mwanzoni 0.1, kuelekea mwisho 0.05, na mapito ya mwisho bila kuongeza kitu. Mchana mmoja umeme ulikatika kisu kikiwa ndani ya chuma. Tulikivuta nyuma kwa mkono, tukasubiri, na kwa sababu nati haikufunguliwa, kisu kilirudi kwenye njia yake ileile.

Kuhusu usalama niseme mara moja tu. Glovu hazivaliwi kwenye mashine inayozunguka. Nywele zangu nazisuka za kulala na kuzifunga kitambaa, mikono ya ovaroli naikunjia ndani. Ufunguo wa kishikio, maadamu umo ndani ya kishikio, mkono hauuachi. Ukitoka, unawekwa mezani ndipo mashine iwashwe. Hapa karakanani mtu yeyote, hata mgeni wa siku moja, ana ruhusa ya kukusimamisha ukikiuka hilo, na mimi nimeshamsimamisha mtu mzima, kwa heshima: "Samahani kaka, ufunguo." Alishukuru.

Julai

Nati imekatwa nyuzi. Bamba lilirudi kwenye kishikio cha taya nne, nikaliweka upya katikati kwa kuipima bushi yenyewe, nikatoboa hadi 16, kisha kisu cha ndani, kidogo kidogo, hadi 20.5 kwenye mzizi wa nyuzi. Kipimo cha mwisho kilikuwa skrubu yenyewe: naiingiza kila baada ya pito. Ilipoingia kwa vidole viwili bila kucheza pembeni, nikaacha.

Matundu ya bolti M10 nimeyatoboa kwa keekee ya 8.5, tepu nusu mzunguko mbele na robo nyuma ili maranda yakatike. Pini mbili za milimita 8 zinaongoza bamba lirudi mahali pake kila likifunguliwa. Bolti zinakaza tu. Kupanga ni kazi ya pini.

Mabamba ya taya tumeyagumisha jioni moja, taa zikiwa zimezimwa upande ule ili rangi ionekane. Moto wa gesi, matofali ya kuzuia joto pembeni, na sumaku kwenye waya. C45 inapanda kutoka nyekundu iliyofifia kwenda nyekundu ya kung'aa, na karibu digrii 770 sumaku inaacha kabisa kuvutwa. Tukaongeza moto kidogo kupita hapo, kisha majini, kusimama wima, kwa mwendo mmoja. Tupa ilipopitishwa iliteleza bila kung'ata. Katika hali hiyo bamba ni gumu lakini linavunjika kirahisi, kwa hiyo nililing'arisha na kulipasha tena taratibu nikitazama rangi inavyotambaa, mpaka ilipofika manjano ya majani makavu, kwenye digrii 220 na ushee. Hapo nikalitoa. Mzee alisema rangi haingojei mtu, na ni kweli: kutoka manjano kwenda kahawia ni kitambo kidogo sana.

Agosti

Jiliwa limeunganishwa. "Vaisi yako sasa inaonekana vaisi," foromani alisema akipita, na kwa mtu asiyesifu ovyo, hilo limenifurahisha sana.

Ulimi wa taya inayotembea una upana wa 40 g6, mdogo kidogo tu kuliko mfereji wake wa 40 H7. Unateleza kwa kidole, wala hauchezi. Tatizo la majiliwa mengi ni kwamba ukikaza, taya inayotembea inainuka na kukibeba kipande. Ndiyo ileile hali ya majiliwa yetu ya zamani. Dawa ni mabamba mawili ya chini yanayoishikilia taya isipande, na nafasi kati yake na mwili iwe ndogo kadiri inavyowezekana bila kukwama. Nimeyakwangua kwa mkono, nikipaka rangi ya bluu, nikitelezesha, nikiangalia inapogusa, nikikwangua tena.

Vipimo vya ukaguzi, saa ya kupimia ikiwa juu ya meza ya milingi: kitako na njia ya taya vinaambaana ndani ya milimita 0.02 kwa urefu wote. Taya isiyotembea imesimama wima ndani ya 0.01 kwenye kimo chake. Taya inayotembea, ikiwa imekaza kipande cha chuma, inainuka 0.02. Jiliwa bora zaidi la zamani tulilipima kwa njia ileile likatoa 0.3.

Mzee aliyapitia yote mwenyewe, akarudia la mwisho, kisha akasaini ukurasa kwenye kitabu changu cha mazoezi. Ameagiza pia jambo moja lirekebishwe kabla ya kulikabidhi: mpini wa skrubu ni mrefu mno, mtu mwenye nguvu anaweza kukaza kupita kiasi na kuila nati. Naupunguza hadi milimita 120 na kuweka vifundo vya shaba kwenye ncha.

Yaliyobaki ni mpini huo, kupaka rangi sehemu zisizoteleza, na kuchora mchoro safi wa mwisho wenye vipimo halisi, ili atakayehitaji nati mpya miaka ijayo asilazimike kupima kilicholika. Foromani ameshaomba la pili kama hili, na safari hii mchoro nitampa mwanagenzi wa mwaka wa kwanza, nimsimamie kwenye mraba wa mwili. Tunaanza Jumatatu na kile kipande cha nondo.